Mwenye Kushika Birika

Katika restora ya Mama Noëlla, pale Masisi kwenye barabara ya kwenda Walikale, matabishi haiachwi mezani. Mgeni akimaliza fufu anainua mikono juu, vidole vimejaa mchuzi, anangoja. Msichana anakuja na beseni, birika la maji ya vuguvugu na kisahani cha sabuni. Anamimina, mgeni ananawa, anajipangusa, kisha anaingiza noti chini ya kisahani bila kumtazama mtu. Hiyo njo matabishi. Ni ya aliyeshika birika. Haigawanywi, na aliyepika hana neno ndani yake.

Aliyepika alikuwa Dancille, mwanamke wa Bihambwe, aliyeanza kuwasha moto wa Mama Noëlla tangu restora ilipokuwa turubai na benchi moja. Aliyeshika birika alikuwa Wivine, aliyekuja juzi tu.

Ukuta wa jikoni ni wa mbao, nazo zimekauka zikaachana. Dancille hakuhitaji kuchungulia. Alisikia. Birika likiwekwa chini kwa kishindo, mgeni hakuacha kitu. Likiwekwa taratibu, Wivine ameona noti. Siku za soko lilikuwa likishuka taratibu mchana kutwa, na kila liliposhuka hivyo Dancille aligeuza nyama ya mbuzi ndani ya mafuta kana kwamba anamchinja mara ya pili.

"Wanasemaka nini kule?" alimuuliza Wivine siku moja.

"Wanasema sombe iko tamu, dada."

"Wanakuambia weye."

"Sasa wamwambie nani? Ukuta?"

Wivine akacheka. Alikuwa amevaa kikwembe kipya, kitenge cha ndege wa manjano. Dancille alikijua. Alikuwa amekishika sokoni, akakinusa, akakikunja tena vizuri na kumwambia muuzaji kwamba atarudi.

"Kimekupendeza," alisema, na neno lilitoka kama mfupa.

Kumwonea wivu mtu wa mbali ni kazi nyepesi, ya Jumapili. Dancille alikuwa akila na Wivine katika sufuria moja, kila siku. Alimwona akitafuna. Aliona vidole vyake, safi, vimelainika kwa maji ya watu wengine, halafu akaangalia vyake mwenyewe, vyenye kucha nyeusi kwa kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Hapo akaingia Floribert, mtu wa takse, mtoza ushuru.

Sisi wa Masisi hatusahau. Tulilipia baiskeli. Tulilipia chukudu, mti wa magurudumu mawili tuliouchonga kwa mikono yetu. Tulilipia kuku akivuka kizuizi, tukalipa tena akirudi hajauzwa. Kila aliyekuja kutawala hii milima alikuja na kofia yake na mihuri yake, na mashimo ya barabarani yakabaki pale pale. Tunayajua moja moja, kama watoto wa jirani. Tulidhani wamemaliza vitu vya kulipisha. Kumbe walikuwa hawajatazama chini ya sabuni.

Floribert alikula vizuri. Alinawa vizuri. Chini ya kisahani hakuacha kitu, na hakuwahi kuacha. Kisha akasema kwa sauti ya mkutano:

"Mama Noëlla, kuna takse mupya. Matabishi ni mapato. Kila mufanyakazi wa restora atalipa kila mwisho wa mwezi, sawa kwa sawa."

Dancille alitoka jikoni na mwiko mkononi, moshi ukimfuata.

"Papa Floribert, miye niko nyuma ya ukuta. Hakuna muntu alishanipa hata franka."

"Weye ni mufanyakazi wa restora?"

"Ndiyo."

"Basi."

"Basi nini? Nilipe takse ya mvua iliyonyesha kwa jirani?"

Watu wakacheka. Motari mmoja, dereva wa pikipiki aliyekuwa akifyonza mfupa, akaongeza: "Chef, hata miye unitoze. Nilisikia harufu."

Wakacheka zaidi. Floribert alijipangusa mdomo ingawa ulikuwa umeshapanguswa. "Sawa. Atalipa mwenye kushika birika. Huyo njo anapokea. Sitaki makelele."

"Umesikia, Dancille," alisema Mama Noëlla, ambaye ni mfanyabiashara wa Butembo na hapendi kelele mbele ya wateja. "Umeachiliwa. Rudi, sombe inaungua."

Alikuwa ameshinda. Angerudi. Lakini Floribert alikuwa ameshamgeukia Wivine, akimtazama kuanzia ndege wa manjano hadi kichwani. "Kumbe weye njo mama wa mapato hapa," alimwambia, na Wivine akainamisha macho kama bibi harusi.

Dancille akasimama na mwiko wake. Miaka yote mkono wa takse ulikuwa ukipekua nyumba za watu, na leo ulikuwa umepita mbele ya mlango wake bila kubisha. Hata wa kunyang'anya alijua kwamba pale hakuna kitu.

"Mama Noëlla," alisema, "siku ya soko nipe miye birika."

"Na takse?"

"Nitalipa."

"Dada, utachoka," alisema Wivine.

"Moshi haujanichosha, sembuse maji."

Siku ya soko Dancille alisugua mikono kwa limau. Harufu ya kitunguu ilibaki pale pale. Wivine akafunga kitambaa kichwani, akaingia jikoni.

Mgeni wa kwanza aliinua mikono, akachungulia nyuma ya bega la Dancille. "Yule mwingine iko wapi?"

"Iko ku jiko."

Akanawa, hakuacha kitu. Dancille aliweka birika chini kwa kishindo, na mara ile mwiko ukanyamaza nyuma ya ukuta. Kumbe Wivine naye alikuwa anasikiliza. Tangu hapo Dancille aliliweka taratibu kila mara, palipokuwa na noti na pasipokuwa nayo.

Saa ya mchana akafika Papa Kanyamibwa, mzee anayepeleka fromage, jibini ya Masisi, kwa wachimbaji wa dhahabu kule Omate. Alikuwa anarudi, magunia matupu, mfuko umejaa. Alikula, akanawa pole pole, kisha akaingiza chini ya sabuni noti kubwa kuliko zote za siku ile.

"Hii umupelekee Wivine," alisema. "Umwambie sombe ya leo iko na chumvi mingi, lakini miye sisahau watu wangu."

"Sombe ya leo njo Wivine alipika, Papa."

"Kumbe?" Mzee akacheka kwa furaha. "Basi umwambie atazoea."

Akatoka. Dancille alibaki na noti mkononi. Sombe yake, ile tamu, ile isiyo na chumvi ya kupita, ilikuwa imeliwa hapo miaka bila noti. Ya Wivine ilikuwa imeharibika, na imelipwa.

Floribert alikuwa meza ya pili. Alikuwa ameona noti, maneno hakuyasikia.

"Ile matabishi ni ya nani?"

Angesema ukweli, takse ingemwangukia Wivine. Roho yake ilitamani hivyo kabisa. Lakini kusema "ya Wivine" ni kutangaza mbele ya restora nzima kwamba hata na birika mkononi, hata na mikono ya limau, pesa imempita tena.

"Yangu," alisema.

"Leta basi. Hiyo itatosha kwa mwezi huu." Floribert aliikunja, akaitia mfuko wa shati.

"Na karatasi ya malipo?"

"Karatasi zimeisha." Akainua mikono yenye mafuta. "Naomba maji, mama."

Alimmiminia. Chini ya sabuni hakuacha kitu.

Alipogeuka, Wivine alikuwa mlangoni mwa jikoni, macho mekundu kwa moshi.

"Dada, Papa Kanyamibwa alitaja jina yangu. Nilisikia."

"Ulisikia vizuri."

"Iko wapi?"

"Imelipa takse."

"Takse ya nani?"

"Yangu."

Wivine alimtazama sana. "Hata ile yangu ulitaka ikuwe yako."

"Ndiyo," alisema Dancille. Kisha, kwa sababu hakuweza kuacha: "Na sombe yako iko na chumvi mingi."

"Najua," alisema Wivine, akarudi kwenye moshi.

Kesho yake birika lilikaa juu ya kigoda karibu na mlango. Wivine alikataa kulishika. "Miye niko wa jiko sasa. Moshi hautozwi." Dancille akasema na yeye ni wa jiko. Mama Noëlla aligombana nao wote wawili, lakini mkono wake mwenyewe haukulikaribia. Floribert alikuja, akala, akainua mikono. Hakuja mtu. Mchuzi ulianza kushuka kuelekea saa ya mkononi mwake.

"Nani anashika birika hapa?"

"Shika weye, chef," alisema motari. "Halafu ujitoze."

Akajimiminia kwa mkono wa kushoto, na nusu ya maji ikaishia kwenye suruali. Wale wanawake wawili walisikia kila kitu nyuma ya ukuta, wakitwanga, hawakutazamana.

Safari iliyofuata Papa Kanyamibwa alijinawisha mwenyewe, akazunguka hadi mlango wa nyuma, mahali pasipo na kisahani wala mtu wa takse. Alikuwa na noti mkononi.

"Leo nani alipika?"

Mchi wa Wivine ulisimama. Alichelewa kidogo kujibu, na Dancille alikuona kule kuchelewa, akakuweka moyoni pamoja na mengine.

"Dada Dancille," alisema Wivine.

"Ilikuwa tamu," alisema mzee, na mkono wake, kwa mazoea tu, ukamnyooshea Wivine noti. "Umupe."

Wivine akaipokea, akaigeuza, akampa. Dancille akaifunga kwenye ncha ya kikwembe chake cha zamani. Ilikuwa imemfikia hatimaye, na ilikuwa imepitia mkono ule ule. Kitu kimoja kilimpoza kidogo: noti ilikuwa inanuka kitunguu, na kitunguu kile kilikuwa cha vidole vya Wivine.