Belyse Aliyeingia Kitabuni

Huko Kalundu, upande wa bandari, walikuwa wakisema: mtoto akiingia katika kitabu cha Mzee Placide, hamalizi shule. Neno hilo halikunitoka masikioni. Hata hivyo nilimfungulia mlango.

Mzee Placide ametunga hadithi za watoto miaka arobaini. Hapa Uvira wengi tulijifunza kusoma kwa hadithi zake. Hata minye, mimi mwenyewe niliyeishia darasa la sita, bado ninazikumbuka. Kazi yake iko hivi: anapita mtaa kwa mtaa, anagawia watoto mandazi, anauliza habari za nyumbani. Majina habadili. Anasema watoto wanacheka vizuri wakimjua wanayemcheka.

Alipofika kwetu Kasenga nilimpa kiti kizuri. Nilitaka jina la binti yangu lichapishwe. Akamuuliza Belyse anaogopa nini. Belyse akanyamaza. Ni minye niliyejibu, tena kwa kucheka, kwamba tangu mto ubomoe nyumba yetu mtoto anakojoa kitandani, naye ana miaka kumi na moja. Mzee akaandika katika kaye, daftari lake, kisha akanipa karatasi ya ruhusa nitie sahihi. Nilisoma mstari wa kwanza, wenye jina la mtoto. Ukanitosha.

Kitabu kikafika shuleni. Kila hadithi wanafunzi wanaikariri mbele ya darasa, na ile ya Belyse mwalimu akampa mwenyewe aikariri. Belyse akasimama ubaoni: "Mto ulihama Kasenga, ukaingia kitandani kwa Belyse." Alimaliza bila kosa. Akapewa kumi juu ya kumi.

Tangu hapo, watoto wenzake njiani: "Weye Belyse, leo maji yamefika wapi?"

"Mumupishe, asituzamishe."

Belyse akasema harudi shule. Mtihani wa kumaliza darasa la sita ulikuwa umebaki wiki tatu. Nikamwendea Mzee kwake Rugenge.

"Baba, toa jina la mtoto."

"Mama Belyse, vitabu viko mashuleni tayari. Atazoea."

"Ndikumana alizoea?"

Ndikumana ndiye mtoto mlafi wa kitabu chake cha kwanza. Leo ana mvi, anabeba mizigo bandarini, na wenzake bado wanamwita Tumbo-Mtungi.

"Ndikumana ananisalimia mpaka leo."

"Anakusalimia kwa kuogopa usimwandike tena."

Mzee akacheka, akafungua kaye. "Hiyo ni nzuri, mama. Rudia pole pole."

Siku ya mtihani Belyse hakwenda. Sasa anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, huko Kalundu. Amechagua kukaa kati ya wamama wasiojua kusoma.

Mwenye mtoto, jiepushe na haya:

Kumpa kiti mtu mwenye kaye kabla ya kumuuliza anaandika nini.

Kusema aibu ya mtoto mbele ya mgeni, hata kwa mzaha.

Kutia sahihi kwa sababu umeona jina lenu.

Kumjibia mtoto aliyenyamaza.

Kucheka hadithi ya mtoto wa mwenzio. Ile ya Ndikumana niliicheka sana.