Abiria wa Vårby gård

Huu ulikuwa mwaka wa tatu Orpha akihudumia wazee majumbani kwao katika kitongoji cha Vårby gård, na katika wazee wake wote hakuna aliyemwingia moyoni kama Mama Mitsue, Mjapani wa miaka themanini na sita aliyemfuata mume Mswidi ujanani, akabaki mjane. Walizungumza Kiswidi, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao, wakaelewana.

Asubuhi moja ya Machi Orpha alikuta mlango wazi na kitanda kimetandikwa. Alimtafuta kwenye ngazi, akamtafuta dukani, mwishowe akamkuta stesheni ya metro, ameketi kwenye benchi na koti lake la kutokea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefumbwa, kana kwamba umeshika mkono wa mtu mfupi.

"Mama, umenitia hofu! Unamngoja nani?"

"Simngoji, amekwisha fika. Ni Chiyo, mdogo wangu."

Orpha akaketi. Mitsue hakungoja aambiwe kitu. Alianza kusimulia stesheni ya mtaa wao, kule Tokyo. Babu yake aliikuta ya mbao. Tetemeko likaiangusha, ikajengwa upya kwa zege, reli zikapandishwa juu ya matao, na chini yake wakajipanga washona viatu, wachoma samaki na baba yake, fundi saa. Nyuma palikuwa na mfereji, na ng'ambo ya mfereji shule.

"Wakati wa vita, usiku ule ndege zilipomwaga moto, mtaa mzima ulikimbilia chini ya matao. Tulidhani zege haliungui. Chiyo alikuwa na miaka minne, na viatu vyake vya mbao. Nilimshika mkono. Watu wakasukumana, nikabaki na glavu yake."

"Na sasa pakoje?"

"Mfereji umefunikwa, magari yanapita. Juu ya stesheni kuna ghorofa la maduka. Nilipokwenda mara ya mwisho nilimwambia binti mmoja muuza keki kwamba hapo walikufa watu. Akaniomba radhi. Alidhani nalalamikia keki."

Orpha alitaka kumpa pole, mara akasikia mlio. Ko, ko, ko. Mbao juu ya saruji, polepole, hatua za mtoto anayetembeatembea kwa kuchoka kungoja. Jukwaa lilikuwa tupu. Orpha alitoka Kalemie, mji alioukimbia kwa ajili ya vita, na alishalala porini na maiti hatua chache tu kutoka kwake. Hakuwa mtu wa kutishwa na upepo. Nywele zilimsimama hata hivyo.

"Umesikia," alisema Mitsue, wala hakuwa anauliza.

Treni ikaingia. Mitsue akainuka. Orpha angeweza kumzuia, na simu ya kazini ilikuwa ikiita kwa sababu nyumba ya pili walikuwa wanamngoja. Aliizima, akapanda naye. Ko, ko, zikapanda nao.

Treni ilitoka kwenye handaki la mwambani, ikavuka maji, ikapita stesheni za Fittja na Alby. Hallunda aliingia mama mmoja na kigari cha mtoto. Alitaka kukaa kwenye kiti kilichokuwa wazi kando ya Mitsue, akakigusa, akaurudisha mkono upesi kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Pana mtu?"

"Pana mtu," Orpha akajibu kabla hajafikiri.

Norsborg ndio mwisho wa reli. Abiria wote walishuka, Mitsue akabaki ameketi. Aliufungua mkono wake taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Shuka, Chiyo. Hapa hakuna moto. Dada amezeeka, hawezi tena kukimbia."

Hatua zilipita mbele ya magoti ya Orpha, zikavuka mlango, zikazidi kusikika mbali, kwenye ngazi, mpaka zikapotea. Mitsue alilia kidogo, kisha akaomba arudishwe nyumbani akanywe chai. Hakwenda tena stesheni, wala hakumtaja tena mdogo wake.

Mchana Orpha alimpigia mumewe, Aristide, akamweleza yote.

"Kazi imekuchokesha, mama Tiana. Omba likizo."

Hakubishana naye. Alipomaliza zamu alipanda treni kurudi kwake, na kwake kulikuwa huko huko Norsborg. Alishuka wa mwisho. Akapanda ngazi akishika ukuta, akikanyaga pembeni kabisa, asije akamkanyaga mtu.