Bao Lililongoja Mvua Ipite

Mimi ni mtu wa hasira, na vijana niliowafundisha mpira pale Nyamianda, kando ya ziwa, walilijua hilo kuliko mke wangu. Shida yetu ilikuwa kiwanja. Kile cha misheni kilikuwa cha wakubwa. Sisi tulifukuzwa kama mbuzi. Aliyetupokea ni Mama Honorine, kiongozi wa akina mama walioanika ndagala, dagaa wa kwetu, kwenye mchanga wa ziwani. Alitupa upande mmoja wa mchanga kwa sharti moja: wingu likishuka kutoka milimani, nipige firimbi, mpira ukome, wote tuokote ndagala. Zikinyeshewa zinaoza, na watoto wanalala njaa.

Basi tukazoea kucheza jicho moja kwenye mpira, jicho lingine mlimani.

Mwaka wa hamsini na sita wakaja mabwana wawili wa mpira kutoka Usumbura kututazama. Wakituridhia, tungealikwa kucheza huko, mji ambao vijana wangu waliziona taa zake tu, ng'ambo ya maji. Nikawagawa pande mbili, wenye mashati na wasio na mashati. Walicheza vizuri hadi nikasahau kukasirika.

Wingu likashuka. Nikamtazama Mama Honorine. Aligeuza uso makusudi, akaanza kuokota na wenzake bila kuniita. Alikuwa amenisamehe sharti, na huo wema ndio ulionishinda. Nikapiga firimbi. Libérat, kijana aliyebaki na goli tupu mbele yake, aliuacha mpira pale pale akakimbilia ndagala. Wageni wakapanda gari lao, wakaenda. Hatukualikwa.

Kesho yake nilifika na uchungu wangu. Mchanga wote ulikuwa mtupu. Akina mama walikuwa wamehamia kule kwenye kokoto, ambako kuanika ni kazi mara mbili. Mbele ya goli palikuwa na jiwe.

"Mama, hili jiwe ni la nini?"

"Balo ya Libérat ilibakia hapa, Mwalimu. Minye niliweka alama. Mumalize mchezo yenu. Kiwanja iko yenu sasa."

Nilimshika mikono yote miwili, nikamshukuru, na machozi yakanitoka mbele ya vijana.

Akina mama wakajipanga pembeni kutazama. Libérat akaweka mpira penye jiwe, goli tupu mbele yake, akapiga nje. Tulicheka hadi tukakaa chini.

Usumbura tuliendelea kuziona taa zake tu. Lakini kila wingu liliposhuka, vijana walikimbilia kule kwenye kokoto kuokota ndagala kabla sijapiga firimbi, na sikuwahi kuwakasirikia.