Njia Iliyomkwepa Mama Mkwe

Kwa miaka mingi mji ule uliligeuzia ziwa kisogo. Maduka yote yalitazama barabara kuu. Nyuma, upande wa maji, kulikuwa na mapipa ya taka, kamba za nguo na mabanda ya kuku. Mgeni angeweza kukaa wiki nzima asijue kuwa kuna ziwa hatua mia mbili tu kutoka kituo cha basi.

Basi baraza la mji likaamua kufungua njia pana ya waenda kwa miguu, kutoka barabara kuu moja kwa moja hadi majini. Kazi ya kuichora akapewa mpima ardhi, mtu makini na mpole. Akaweka rula kwenye ramani, akavuta mstari, kalamu ikasita. Mstari ulikuwa umeingia chumba cha kushonea cha mama mkwe wake.

Mama yule hakuwa mtu wa kuchezewa. Cherehani yake ilisomesha watoto watano, na ulimi wake ulishinda mkasi wake kwa makali. Mpima alimwogopa tangu siku ya posa.

"Muulize kwanza," mkewe akamshauri.

"Nikimuuliza nimekwisha."

Hakuuliza. Alifuta mstari, akaupinda kushoto karibu na ukuta wa mkwewe, akauzungusha nyuma ya ghala la mbao, akaupitisha kando ya choo cha soko, ndipo akaufikisha ziwani. Kwenye maelezo akaandika: "Kona hii inampa mtembeaji nafasi ya kutafakari." Wakubwa waliipenda sana sentensi hiyo, wakapitisha mchoro bila swali.

Kwenye mkutano wa wananchi aliyesimama alikuwa mmoja tu.

"Hii njia imeona nini kwangu hata ikakimbia?" mshonaji akauliza. "Nina upele?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mpima akajibu, "Mama, tulitaka kukuepushia usumbufu."

"Nani kakwambia nasumbuka? Miaka thelathini nashona nikitazama ukuta, na maji yako nyuma yake! Jumapili ulikula kwangu ukashiba. Mdomo wa kula ulikuwa nao, wa kuuliza uliuacha wapi?"

Mwenyekiti akasema mchoro umeshapigwa muhuri, na muhuri haurudi nyuma.

Njia ikajengwa. Siku ya ufunguzi mwenyekiti alikata utepe, akanyoosha mkono. "Ndugu zangu, litazameni ziwa letu!" Watu wakatazama. Wakaona ukuta wa mshonaji na kibao chake: SURUALI HUPUNGUZWA HAPA. Waliojaribu kuzunguka walirudi wameziba pua.

Kesho yake mshonaji akamwita mwashi. Kabla wiki haijaisha, chumba chake kilikuwa na mlango mbele na mlango nyuma, na mtu akisimama barabara kuu aliona maji kupitia katikati ya nyumba yake. Mji mzima ukawa unapita humo: wachuuzi, wanafunzi, hata mwenyekiti, akijifanya ana kifungo kilichokatika.

"Hodi!"

"Pita, pita. Futa miguu," naye hainui kichwa.

Ni mpima peke yake aliyebaki kuitumia njia rasmi. Alitafakari kando ya choo kwa wiki tatu. Jumamosi moja akaona aibu imezidi, akaenda.

"Hodi, Mama."

"Karibu. Unapita, au unazunguka?"

Wateja wakacheka hadi wakashika mbavu. Mpima akaketi kwenye kigoda. "Nisamehe, Mama. Niliogopa."

Mshonaji akakata uzi kwa meno. "Najua. Mtu asiye na hofu hawezi kuchora kona mbaya namna ile." Akasukuma kitambaa kando. "Sasa nataka mlango wa nyuma upanuliwe, watu wanakwaruzana. Kalete vifaa vyako."

Akavileta. Akapiga magoti mlangoni, ziwa likiwaka machoni pake, akafungua daftari. Kisha akainua uso.

"Mama, unataka upana gani?"

"Enhee!" mshonaji akasema. "Baiskeli mbili zipishane."