Salamanda wa Tangi la Nna Ouiza

Wiki ya kwanza baada ya kuolewa, Chabha alifunua tangi la mawe lililokuwa uani kwa wakwe zake, akateremsha ndoo, akapandisha maji pamoja na mnyama. Alikuwa mweusi mwenye madoa ya manjano, mfano wa mjusi asiye na magamba, ngozi ikimeremeta kwa unyevu. Chabha akapiga ukelele, ndoo ikamponyoka.

"Mama! Humu mna salamanda!"

"Yumo tangu mimi nilipokuwa bi harusi," mama mkwe wake alijibu kutoka jikoni bila hata kunyanyuka. Kijiji kizima kilimwita Nna Ouiza, kwa heshima. "Ngozi yake inatoa maziwa yanayofukuza uozo. Ungeishi wewe ndani ya maji miaka yote hiyo, ungeota ukungu. Mtazame yeye, msafi kuliko wewe!" Akacheka. "Ila usimguse. Akiudhika, maziwa hayohayo ni sumu. Mbwa wa Salem fundi alimng'ata mmoja, akatetemeka mpaka akakata roho."

Chabha aliyanywa maji yale miaka mitano, akiyachuja kwa kitambaa. Mumewe, Lounis, alikuwa kiwandani Ufaransa na alirudi kila kiangazi. Mtoto wao Mokrane alipofika miaka minne akaanza kulala kifudifudi mdomoni mwa tangi, mkono umening'inia ndani, akimwita mnyama yule kama anavyoitwa paka. Hapo Chabha akaona basi, imetosha.

Alingoja mama mkwe aende kwenye zeituni. Akamtega salamanda kwa kikapu, akamtoa, akampiga jiwe. Maziwa meupe yalichuruzika mgongoni, tone likamrukia jichoni. Lilichoma kama kaa la moto, jicho likavimba siku mbili. Alimzika mnyama chini ya mtini, akamwambia Nna Ouiza kwamba jicho limeingiwa na moshi.

Wiki ya tatu Mokrane akapata homa. Nna Ouiza naye akaugua, ila yeye akapona. Katika hospitali ya mjini daktari alisema ni homa ya matumbo. "Mnakunywa maji gani nyie? Hayo maji ni machafu." Siku ya tisa walimrudisha mtoto kijijini ndani ya blanketi.

Tangu hapo Chabha hakuwa mzima. Kila mvua iliponyesha salamanda walitoka kwenye nyufa za kuta, kama ilivyo kawaida yao, wakavuka ua polepole. Wengine waliwapisha tu. Chabha aliwaona wakigeuza vichwa kumtazama. Alimwona mmoja amejikunja juu ya mkeka aliokuwa akilalia mtoto. Akiinama kumtoa, mkeka mtupu. Alimwaga maji ya kikombe kwa kuona utando mweupe juu yake, akamwaga tena, hadi ndoo ikaisha. Alimuua mlinzi wa maji, na maji yakamuua mwanawe. Hivyo ndivyo alivyojihesabia.

Na Nna Ouiza hakuuliza. Hata siku moja hakusema, salamanda wetu yuko wapi? Alichemsha tu maji, akanyamaza, na kimya kile kikamtafuna Chabha miaka kumi na tisa.

Kisha mabomba yakafika kijijini. Salem, sasa mzee, akaja kubomoa tangi.

"Chabha, hebu njoo uone." Alionyesha ukuta wa upande wa choo. Palikuwa na ufa wa urefu wa mkono, mawe yake meusi. "Choo chenu kilikuwa kinavujia humu. Kisha mtu akauziba kwa udongo na chokaa. Tena kwa vidole, fundi gani huyu!"

Alama za vidole zilikuwa bado pale, zimekaukia kwenye udongo. Kidole cha pili hakikuwa na ncha. Nyumbani mle aliyekatwa kidole na mundu alikuwa mmoja tu.

Nna Ouiza alikuwa barazani akiota jua, macho yamefifia.

"Mama, ule ufa uliuziba lini?"

"Siku ya tatu baada ya kumzika Mokrane."

"Na uliujua lini?"

"Kabla ya mvua. Nikasema zeituni kwanza, ukuta baadaye."

"Na salamanda? Ulijua ni mimi?"

"Niliona udongo umefukuliwa chini ya mtini. Halafu moshi gani, mwanangu, unaovimbisha jicho moja?"

"Miaka kumi na tisa, mama! Unanitazama tu!"

"Nilikuacha ujilaumu." Sauti yake haikutetemeka. "Tulikuwa wawili wenye hatia. Ungejua, ningebaki peke yangu."

Chabha alirudi uani. "Bomoa," akamwambia Salem.

Hakumwambia Lounis. Alimlisha mkwewe, akamwosha, akambadilishia nguo, wala hakumsemesha neno. Wanawake walimsifu kwa uvumilivu. "Chabha, upo?" bibi aliuliza akipapasa hewani, na Chabha, kijiko mkononi, hatua moja tu kutoka kwake, hakujibu. Ilikuwa hivyo mpaka Februari, bibi alipofariki.

Salamanda hawakuacha kuja. Ila sasa walipita wakiangalia njia yao. Mwezi wa Machi, akichuma mboga za porini na wenzake, Chabha alijisikia akisema kwa sauti, "Nipo, mama." Wanawake waliinua vichwa, wakamtazama, kisha wakainama tena kuchuma.