Kadi Mbili za Damari

Mpwa wangu Damari ana miaka minne, na wiki ile magonjwa mawili yalimvamia kwa pamoja kama wageni wasiojuana.

Dresa Yeremia, mganga msaidizi wa zahanati ya Misigiri, alimtoa damu kidoleni, kioo chenye damu hiyo kikaenda hospitali ya Kiomboi kwa baiskeli, jibu likarudi: malaria. Akaanzishiwa kwinini. Siku ya pili viungo vikavimba, upele ukamtapakaa mwili mzima, akawa analia hata ukigusa nywele zake. Ilikuwa homa ileile ya viungo iliyolaza nusu ya kijiji msimu ule wa mbu.

Tukarudi zahanati, mimi na dada yangu Dorika, mama yake mtoto.

"Shikamoo, Bwana Dresa."

"Marahaba, msomi wa Tabora. Likizo inasemaje?" Akamkagua mtoto, akachukua kadi, akalikata neno malaria kwa rula, akaandika homa ya viungo. "Aspirini, asubuhi na jioni. Kwinini aache."

"Aache? Na wale wadudu wa kwenye kioo wamehamia Manyoni?"

"Kadi ina nafasi moja, Kefa. Mgonjwa mmoja, ugonjwa mmoja. Mwezi uliopita niliandika miwili, Bwana Mkubwa wa afya wa Singida akanirudishia daftari zima, limejaa wino mwekundu."

"Basi kosa ni la mbu. Angeonyeshwa kadi kwanza ndipo aume."

Benchi zima likacheka. Dorika hakucheka.

"Wewe chekesha watu," aliniambia. "Mwanangu akifa utawachekesha matangani."

Nilihisi uso unaniwaka. Niliingia na utani kwa sababu nilimwogopa yule mtu na kalamu yake. Sasa nilitaka kuivunja. Mtoto anatetemeka mbele ya macho yake, dawa iko kabatini hatua tatu tu, naye anatunza usafi wa daftari!

Nikamchukua Damari nyuma ya jengo, nikamvua gauni, nikamfunga kaniki ya jirani yetu Luciana, aliyekuwa naye benchini. Luciana akapanga foleni naye upya kama mwanawe, mimi nikiwa ubavuni.

"Jina?" Yeremia aliuliza.

"Felista," nikasema. "Ana malaria. Kioo chake kilishapimwa."

Akainua kichwa. Akautazama ule upele, yale magoti yaliyovimba, kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Akachukua kadi mpya, akaandika. Akafungua kabati, akahesabu kwinini kwenye karatasi.

Hapo ndipo hasira ilinipanda hasa. Mjinga ningemsamehe. Huyu alijua tangu mwanzo kwamba mtoto ana yote mawili.

Dorika alisaga kidonge palepale kizingitini, akakichanganya na asali. Damari akakitema. Akapewa tena, akabanwa pua, akameza huku akitutukana sote kwa Kinyiramba.

"Kesho mleteni Felista," Yeremia alisema kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye daftari. "Na Damari pia."

Sikumwambia asante.