Shahidi wa Nonie Tuohy

Jumatano saa nane mchana Nonie Tuohy aliwafungia kuku wake, akavaa koti la kanisani, akaendesha baiskeli hadi makaburini kumwita shahidi. Alimkuta palepale alipolazwa Machi 1921, chini ya msalaba wa mawe karibu na ukuta. Aligonga jiwe mara mbili kwa pampu ya baiskeli.

"Malachy, amka. Wanataka neno lako."

Kamanda Malachy Cussen alitoka taratibu, akapangusa udongo magotini na kuuliza kama mvua imekatika. Haikuwa imekatika. Nonie alimpa mwavuli, akampakia nyuma ya baiskeli, wakateremka hadi mjini Kilcoreen. Ilikuwa siku ya soko, na watu waliwaamkia kama kawaida. Mwenye duka la viatu alisema tu kwamba Kamanda amekonda.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Jiwe la ukumbusho wa mapigano ya Daraja la Annagh lilikuwa limeshafika, na Ijumaa mchonga mawe angekuja kuchora majina ya waliopigana pale na askari wa Kiingereza miaka thelathini iliyopita. Nonie alitaka jina lake liwemo. Kamati ya jiwe ilikuwa na kanuni: jina lenye utata sharti lithibitishwe na ofisa aliyeongoza mapigano. Kanuni hiyo ilitungwa siku ileile Nonie alipopeleka ombi lake, na ofisa mwenyewe alikuwa marehemu. Kamati ikaona mambo yamekwisha. Haikumjua Nonie vizuri.

Ukumbini walikuwepo wajumbe sita, watatu upande wa dirisha na watatu upande wa jiko. Waingereza walipoondoka, wanaume wa Kilcoreen waligawanyika juu ya mkataba wa amani, wakapigana wenyewe kwa wenyewe karibu mwaka mzima, na tangu hapo pande hizo mbili hazipikiki chungu kimoja. Kwa ajili ya jiwe walikubali kukaa meza moja, mradi meza iwe pana.

"Karibu, Kamanda," alisema mwenyekiti, Jeremiah Slattery, muuza nyama, aliyekaa upande wa dirisha. "Pole na safari."

"Jerry. Umenenepa."

"Umri huo, Kamanda. Wewe hujabadilika hata kidogo."

"Nilikuwa nimekufa."

Katibu, Mwalimu Quirke wa upande wa jiko, aliliandika hilo kwenye kumbukumbu za kikao.

Nonie alimmiminia Kamanda chai. Chai ilivuja ubavuni, kwenye tundu la koti mahali risasi ilipoingilia, na mlinzi wa ukumbi akaleta beseni. Kisha shahidi akasema alichoitiwa.

"Huyu alileta bunduki saba kwenye mkokoteni wa punda, chini ya kabichi, akapita katikati ya askari huku akiwauliza kama wanataka kununua. Nilipopigwa risasi alichukua bunduki yangu, akawazuia dakika ishirini mpaka nyinyi nyote mkavuka mto. Wewe, Jerry, niliuona mgongo wako tu."

"Nilikuwa nalinda nyuma," alisema Slattery.

"Ya nani?"

Mwalimu Quirke alikohoa kistaarabu. Alisema kwamba kabla ya ushahidi kupokelewa, kamati ingependa kujua shahidi alikuwa akiuunga mkono mkataba au akiupinga.

"Mkataba gani?" aliuliza Kamanda.

Walimweleza. Maelezo yalichukua dakika hamsini, kwa sababu yalitolewa mara mbili, na ya pili yalifuta ya kwanza. Beseni lilibadilishwa.

"Mimi nilikufa Machi," alisema Kamanda walipomaliza. "Mkataba wenu ulitiwa saini lini?"

"Desemba."

"Basi sikuwepo."

"Lakini ungalikuwepo, ungalikuwa wetu," alisema Slattery, na upande mzima wa jiko ukaguna.

Hapo ndipo penyewe. Kila mwaka maadhimisho mawili yalifanyika juu ya kaburi la Malachy Cussen, siku moja, moja saa tano na jingine saa saba, na kila moja lilikuwa na hotuba ndefu ya kueleza Kamanda angalikuwa upande gani.

"Huwa nawasikia," alisema Kamanda. "Ubao wa jeneza si mnene. Mnanisingizia mengi."

Nonie alikuwa amesimama muda wote, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumpa kiti. "Jamani," alisema, "swali lilikuwa dogo. Nilikuwepo darajani au sikuwepo? Mwalimu?"

"Ulikuwepo," alisema Quirke.

"Jerry?"

"Nani anabisha, Nonie? Sote tulikuona. Tatizo ni utaratibu."

Kamanda, ambaye katika uhai wake alikuwa mtu wa kukata shauri upesi, alipiga meza. "Haya. Nilikuwa naupinga mkataba. Andikeni jina lake."

Wajumbe watatu wa upande wa jiko walisimama na kuchukua kofia zao.

"Basi. Nilikuwa nauunga mkono."

Wa upande wa jiko waliketi, wa upande wa dirisha wakasimama. Kamanda alijaribu mara nne zaidi, kwa kasi tofauti, akidhani pengine pangepatikana nafasi ya watu wote sita kuwa wameketi kwa pamoja. Haikupatikana. Slattery alimsihi aache, maana wajumbe wawili walikuwa na magoti mabovu.

"Basi futeni jina langu," alisema Kamanda, "muandike lake mahali pangu."

Mwalimu Quirke alieleza kwa upole kwamba mgeni rasmi anatoka Dublin, na mgeni rasmi hawezi kuletwa kutoka Dublin kuja kufunua jiwe lisilo na kamanda.

Nonie aliwatazama mmoja mmoja, kuanzia dirishani hadi jikoni. "Miaka thelathini nimewasubiri mzeeke labda mpate akili," alisema. "Mmezeeka."

Akatoka nje kuvuta pumzi. Alipokuwa nje, kamati ilipitisha azimio kwamba chai ya siku ya kufunua jiwe iandaliwe na Nonie Tuohy. Lilipita kwa kauli moja, jambo ambalo halijawahi kutokea Kilcoreen tangu mwaka 1922, na wajumbe wawili wa pande pinzani walipeana mikono kwa kujisahau. Padri alilitangaza kwenye misa ya asubuhi iliyofuata, kabla Nonie hajapata nafasi ya kukataa.

Siku ya Jumapili Kamanda alikuja mwenyewe kwa miguu. Alipewa heshima ya kuvuta kitambaa kilichofunika jiwe, akakivuta. Palikuwa na majina kumi na tisa, lake juu, la Slattery la pili, la Quirke la tatu. Akaombwa ayasome. Aliyasoma kwa sauti ya paredi, na baada ya jina lake mwenyewe akatamka "Nonie Tuohy", waziwazi, hata walio mlango wa baa wakasikia. Watu walipiga makofi. Mgeni kutoka Dublin alisema ni bahati kuisikia historia kutoka kinywani mwa mwenyewe. Gazeti la wilaya lilichapisha majina kumi na tisa, likaongeza kwamba Kamanda alisoma vizuri, ukizingatia hali ya kifua chake.

Saa kumi na moja Nonie alimrudisha makaburini. Walipanda kilima.

"Nije tena mwakani?" aliuliza Kamanda.

"Mwakani kutakuwa na kamati ya maua."

"Nisamehe, Nonie."

"Lala zako, Malachy. Wewe umesema."

Alijinyoosha mahali pake. Nonie alimfunika kwa majani, akayakanyaga kingo ili upepo usimsumbue, kisha akarudi ukumbini.

Kamati ilikuwa imekwenda nyumbani. Vikombe tisini na sita vilikuwa mezani. Juu ya kimojawapo palikuwa na karatasi kutoka kwa Mwalimu Quirke, kwa mwandiko wake ule mzuri wa ubaoni, ikimwomba akishaviosha afunge mlango. Jina la Nonie lilikuwa limeandikwa juu kabisa, sawasawa, herufi zote.